Mgawaji wa Handaki

Noela Haule hawezi kuona foleni akainyamazia. Iwe benki, iwe zahanati, iwe bombani, macho yake huanza kazi yenyewe: huyu angepita kwanza, yule anaweza kusubiri, na yule mwenye mtoto mgongoni kwa nini bado yuko nyuma? Siku moja pale Majengo aliwapanga upya watu wote waliokuwa wakisubiri mashine ya kusaga. Walipokwisha kupangika vizuri, mwenye mashine akatoka na unga hadi kwenye nyusi kumuuliza yeye ni nani. "Mpita njia," akajibu, akaenda zake kununua vitunguu.

Ugonjwa huo ni wa kurithi. Mama yake, mama Theodosia wa Mjimwema, hapa Songea, ni mgawaji. Kuna miji mingi duniani ambako chakula cha sherehe huwekwa mezani na kila mtu akajitafutia. Mjimwema si mmojawapo. Kwenye harusi, ubarikio au msiba, mwenye upawa ndiye mwenye shughuli, na upawa huwa mkononi mwa mama Theodosia. Sheria yake haijabadilika tangu Noela alipokuwa akimshikia sahani: wazee kwanza, kisha wageni waliotoka mbali, kisha vijana, mwisho watoto, ambao kwa kweli huwa wameshashiba jikoni. Mtu akijaribu kuruka, upawa husimama hewani na mama Theodosia humtazama. Wanaume wazima wamewahi kurudi nyuma na sahani zao.

Noela hakuchukua upawa. Alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akafanya kazi Dodoma, akaona jua la Dodoma halimtaki, akarudi kwenye baridi ya Songea anakojifunga kitenge juu ya koti mwezi wa saba. Akaajiriwa na muungano mmoja wa vyama vya ushirika wa wakulima kuwa fundi wa mtandao. Chumba chake kiko nyuma ya masjala, kina feni, kabati la chuma, na ruta zinazopepesa taa usiku na mchana. Mama yake alipokuja kukiona mara ya kwanza aliuliza swali moja tu: "Sasa hapa unagawa nini?"

Noela alicheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani.

Ofisi kuu iko Majengo, na tawi kubwa liko Tunduru, kwa wakulima wa korosho. Kati yao ushirika hauna waya wake. Kuna intaneti ya kukodi, ambayo ni kama barabara ya umma, kila mtu anapita. Ili mambo ya wakulima yasichunguliwe njiani, ruta ya Songea na ruta ya Tunduru zimepatana: kila kitu kinachotoka huku kinafungwa kwa msimbo, kinasafiri kikiwa kimefungwa, kinafunguliwa kule. Ukiwa ndani unaona kama kuna njia moja iliyonyooka kutoka chumba hadi chumba. Wenye fani huiita tanel. Noela huiita handaki, ingawa hakuna aliyepiga koleo hata moja. Humo hupita takwimu za mizani, barua za ofisi, na tangu mwaka jana, mikutano: wajumbe wa Songea ukumbini kwao, wa Tunduru ukumbini kwao, wanasikilizana kwa spika.

Na ni kwenye mkutano ndiko aibu ilikotokea.

Mzee Sefu, mkulima wa korosho kutoka ng'ambo ya mto kule Tunduru, alisimama kuomba ghala dogo lijengwe upande wao, kwa sababu mvua za mapema zinapokuja wanavusha magunia na korosho zinafika ghalani zimelowa. Ni hoja nzito, na alikuwa ameiandaa vizuri. Lakini Songea walichokisikia kilikuwa kama kuku aliyefunikwa kwa ndoo. Sauti ilikatika, ikarudi, ikakoroma, ikakimbia. Mtu wa mbele akacheka. Wa pili akacheka kwa sababu wa kwanza amecheka. Tunduru wao waliwasikia Songea vizuri sana, kwa hiyo mzee Sefu alikisikia kile kicheko chote, safi, bila kukatika hata kidogo. Akaketi. Hoja ikawekwa kando bila kujadiliwa.

Wangoni wa Songea na Wayao wa Tunduru wanataniana, na mzee Sefu angeweza kuchekwa mchana kutwa na Mngoni aliyesimama mbele yake akamtania kwa heshima zote za utani. Lakini kuchekwa na ukumbi wa watu usiowaona, ukiwa unazungumzia jasho lako, huo si utani. Alisema hatazungumza tena na lile sanduku, na wakulima wa ng'ambo ya mto wakaanza kunong'ona kwamba kama hawasikiki, ushirika wa nini?

Noela alipanda basi mwenyewe kwenda kumwomba radhi. Chande, karani wa tawi la Tunduru, akampeleka hadi nyumbani kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye handaki?"

"Ni mimi, mzee."

"Nilidhani ni panya." Mzee Sefu akamsogezea kigoda. "Haya, kaa. Mngoni akija kwangu bila mkuki namkaribisha."

Walikunywa chai. Noela akamwambia mkutano mkuu unakuja, hoja ya ghala inaweza kurudishwa mara hii tu, na akamwahidi kwamba atasikika kuanzia bismillahi hadi neno la mwisho.

"Na nisiposikika?"

"Utasikika."

"Nimeuliza nisiposikika."

Chande akadakia: "Akubebe mgongoni hadi Songea, mzee, ukaseme mwenyewe."

"Naam," mzee Sefu akasema, bila kutabasamu. "Anibebe. Na nikiwa mgongoni nitakuwa naimba."

Noela akakubali. Alimtazama mzee: mrefu, mifupa mikubwa. Akarudi Songea akiwa na sababu nzito ya kufanya kazi.

Tatizo lenyewe alilijua. Siku ile ya aibu, wakati mzee Sefu anaongea, mama Hilda wa masjala alikuwa anapakua kutoka kwa dada yake wa tawi la Tunduru video ya kwaya, yote, kuanzia mazoezi. Video ikajaa handakini kama ng'ombe kwenye kichochoro, na sauti ya mzee ikabaki nyuma ikipigwa vikumbo. Dawa yake ipo, na vitabuni inaitwa sera ya ubora wa huduma. Noela aliposoma habari hiyo chuoni alishangaa kwamba watu wameandika kurasa zote zile kuhusu kitu ambacho mama yake anafanya kwa upawa. Unaiambia ruta nani apite kwanza, nani afuate, nani angoje.

Basi akakaa akaandika makundi manne, na kwa kuwa ruta inamruhusu mtu kuyapa makundi majina anayotaka, akayapa majina ya nyumbani. WAZEE: sauti za mkutano. WAGENI: takwimu za mizani. VIJANA: barua. WATOTO: video za kwaya na mengineyo. Akaifunga sera hiyo kwenye handaki, akampigia Chande.

"Mtani, ongea."

"Nyie Wangoni mlikula nini leo?" alianza Chande vizuri. Noela akaifungulia njia video ya kwaya. Chande akageuka kuku ndani ya ndoo.

Hakuna kilichobadilika. Noela akaisoma sera yake mstari kwa mstari, akaona haina kosa. Wazee wametangulia, watoto wako nyuma, kila kitu kama Mjimwema. Ila sahani hazikufika kwa mpango huo. Alikasirika kiasi cha kutoka nje bila kitenge chake.

Nje, kwenye geti la ghala, malori ya mahindi yalikuwa yamebanana, na mlinzi Egidi alikuwa anagombana na dereva.

"Nipitishe, nimebeba mbegu za kupandwa kesho!"

"Magunia yote yameshonwa," Egidi akasema. "Nitajuaje lipi mbegu, lipi la kusaga? Getini hapa gunia ni gunia. Ungesema kule ndani kabla hawajashona."

Noela alisimama palepale, mdomo wazi, mpaka Egidi akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa ameona kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu aliyelijua somo ila akasahau mlango.

Handaki si waya. Ni njia ya kudhania tu, na kwa vile haijawahi kubanwa na ukuta wowote, inajiona pana kama uwanja wa ndege. Chochote ukiipa inasema pita, pita. Ndani yake foleni haitokei kamwe, na pasipo na foleni hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mgawaji anasimama na upawa wake mbele ya uwanja mtupu. Msongamano wenyewe unatokea mbele, getini, pale handaki linapotoka kwenye laini nyembamba ya kukodi. Na wakifika hapo wote wameshafungwa kwa msimbo. Mzee Sefu gunia, kwaya gunia.

Akarudi ndani mbio. Jambo la kwanza akaliambia handaki ukweli kuhusu upana wake: wewe si uwanja wa ndege, wewe ni kichochoro, na usitoe zaidi ya hiki hapa, pungufu kidogo ya kile laini inachoweza kubeba. Halafu akaiweka sera ya makundi chini ya kipimo hicho. Sasa handaki likijazwa linabanwa lenyewe, foleni inajipanga ndani, kabla ya kushona, mahali ambapo bado mtu anaonekana uso. Kisha akamwelekeza Chande kwa simu afanye vilevile kwenye ruta ya Tunduru, maana sauti ya mzee Sefu itaanzia kule.

"Mtani, ongea."

Kwaya ikafunguliwa. Chande akaongea. Chande akaimba. Chande akawasimanga Wangoni ukoo kwa ukoo kwa sauti nyororo kama ya redio, wakati video ya mama Hilda inajikokota nyuma kwa adabu. Noela akapiga makofi ya furaha hadi masjala wakachungulia.

Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu wakachungulia.

"Hiki nini?" mama Hilda akauliza, akielekeza kidole kwenye skrini. "WATOTO. Mbona jina la folda yangu liko chini ya WATOTO?"

"Ni mpangilio tu, mama. Wa ruta."

"Mimi nina wajukuu, Noela. Ruta ina umri gani?"

Kufikia chai ya saa nne ofisi nzima ilijua kwamba kuna orodha, na kwamba katika orodha hiyo watu wamewekwa mafungu. Mhasibu alikuta barua zake ziko kwa VIJANA. Mwaka huu anastaafu. Mtu wa mizani alikuwa WAGENI, akasema yeye ni mzaliwa wa Majengo, baba yake alizaliwa Majengo, na anayemwita mgeni amwonyeshe mwenyeji. Wa mwisho kuja alikuwa meneja, bwana Valence, ambaye hakuingia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nasikia barua za meneja ni vijana."

"Bosi, barua zinaweza kusubiri kidogo. Hazikatiki."

"Sisemi kuhusu kusubiri. Nasema kuhusu heshima."

Na hapo Noela, ambaye angeweza kubishana na ruta hadi jioni, akakwama. Alilelewa Mjimwema. Utamwambiaje mtu mzima usoni kwamba yeye si mzee? Akamhamishia meneja kwa WAZEE. Mhasibu akamfuata, maana alimtangulia meneja kuzaliwa. Mama Hilda akaja na umri wake na wajukuu wake, na kwaya ikapanda nyuma yake, soprano, alto na wapiga ngoma. Mtu wa mizani hakutaka kubaki peke yake kama mgeni. Ijumaa mchana WAZEE walikuwa wamejaa pomoni na makundi mengine matatu hayakuwa na mtu hata mmoja. Tunduru nako, Chande alikiri, meneja wa tawi alikuwa ameshasikia.

"Ongea, mtani," Noela akasema kwa unyonge.

Kuku. Ndoo.

"Mzee Sefu anauliza kama umeanza mazoezi ya mgongo," Chande akasema sauti ilipopata nafasi. "Amesema atavaa kanzu nyepesi ili kukupunguzia mzigo."

Jioni, nyumbani, Noela alimsimulia mama yake wakichambua kisamvu pamoja. Mama Theodosia alicheka hadi akaweka ungo chini.

"Na wewe umewaita watu wazima watoto, ulitegemea wakushukuru?"

"Mama, si wewe unayegawa hivyohivyo?"

"Mimi nagawa, sitangazi. Hata siku moja sijamwambia mtu yuko fungu gani." Akafikiri. "Wewe umewawekea kiti cha mbele, ukakipa jina zuri. Nani atakiacha?"

Noela aliendelea kuchambua kisamvu, na mikono yake ikazidi kupunguza mwendo, mpaka ikasimama kabisa na jani likiwa katikati ya vidole. Kisha akaanza kucheka peke yake, taratibu, na mama yake akauliza kulikoni, naye akasema hakuna, ila kesho atawahi kazini.

Jumamosi asubuhi, siku ya mkutano mkuu, ukumbi ukiwa bado unapangwa viti, bwana Valence alipita kwenye chumba cha ruta kuhakikisha heshima yake imelala salama.

"Mimi niko palepale, sivyo? Kwa wazee?"

"Bosi, wazee hawapo tena. Nimebadilisha. Sasa ni kama hospitali." Noela akamgeuzia skrini. "Kuna MAHUTUTI, hawa wanapita kwanza. Kuna WALIOLAZWA. Kuna WA KLINIKI. Na kuna WALIOKUJA KUSALIMIA WAGONJWA. Nikuweke wapi? Nafasi ya mahututi ipo."

Bwana Valence alifanya ishara ya msalaba.

"Mahututi? Jina langu?"

"Barua zako, bosi."

"Zina jina langu! Hapana, hapana. Niweke na waliokuja kusalimia."

"Kule ni nyuma kabisa, bosi."

"Ndiyo. Nyuma. Mimi mzima wa afya."

Habari ilienda masjala haraka kuliko barua yoyote. Mama Hilda alituma ujumbe kwamba yeye na kwaya yake wako salama, hawajalazwa popote, na asithubutu. Mhasibu alisema presha yake imetulia. Mtu wa mizani alikubali kulazwa, kwa sharti kwamba si kwa muda mrefu. Tunduru, meneja wa tawi alimwambia Chande kwamba kwenye mambo kama hayo hataki utani. MAHUTUTI akabaki mmoja tu: sauti ya mkutano, yenye vipande vidogo vidogo visivyobeba kitu kikubwa, ila haviwezi kungoja hata kidogo.

Ukumbi ukajaa. Ajenda zikapita. Ikafika zamu ya Tunduru, na spika ikakaa kimya muda mrefu. Noela, aliyeketi kando ya ruta na mlango wazi, alihisi mgongo unamuuma kabla ya safari. Ukumbini Songea mtu mmoja wa mbele, yule yule, alishaanza kujiandaa kucheka.

Kwenye spika ukasikika mguno, kisha kiti kusogezwa, kisha Chande akinong'ona: "Mzee, hapo hapo, karibu na hicho." Halafu:

"Bismillahi. Wajumbe, nimeambiwa na huyu karani kwamba leo sauti yangu imeingia hapo kwenu pamoja na wagonjwa mahututi."

Kila neno lilifika zima. Hata kikohozi chake kilifika.

"Nawajua Wangoni. Mkisikia mtani wenu mahututi, mmeshaanza kupika. Rudisheni sufuria. Sifi leo. Leo nazungumzia ghala."

Ukumbi wa Songea ukalipuka kwa kicheko, na safari hii mzee Sefu alikingoja kiishe, maana alikuwa amekiita mwenyewe. Kisha akazungumza. Alieleza mto, mvua, magunia yanayovushwa kichwani, korosho zinazofika zimeota ukungu halafu mkulima akaambiwa ni mvivu wa kuanika. Nyuma yake, handakini, mama Hilda alikuwa ameshindwa kujizuia na alikuwa akipakua kutoka kwa dada yake Misa nzima ya Ekaristi ya Jumapili iliyopita. Ilingoja mlangoni pamoja na barua za meneja, kama wageni walioshika chungwa na chupa ya soda.

Mzee alizungumza, akaendelea kuzungumza. Alimaliza ghala akaingia barabara, akamaliza barabara akaingia tabia za vijana. Bwana Valence alijinyanyua kitini kimyakimya, akaja hadi chumba cha ruta.

"Noela. Haiwezekani mtandao ukatike kidogo tu?"

"Hapana, bosi. Ni mahututi."

Akarudi kuketi. Mzee Sefu alipofika neno la mwisho alinyamaza, na Songea nao wakanyamaza. Aliposikia kimya akashtuka.

"Chande, wamekatika hawa?"

"Tunakusikia, mzee!" ukumbi mzima ukajibu kwa mkupuo, hata yule wa mbele.

Mikono ilipoinuliwa kwa ajili ya ghala, mwenyekiti hakuwa na haja ya kuhesabu. Tunduru walishangilia, na shangwe yao ikafika Songea bila kikwazo. Katikati ya kelele hiyo mzee Sefu alirudi kwenye kipaza sauti.

"Binti mwenye handaki yuko hapo?"

Noela akasimama mlangoni, akapaza sauti. "Niko, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mgongo wako nimeusamehe." Akakohoa. "Ila nilikuwa nimeshautungia wimbo, na huyu karani anasema bado nafasi ipo kwa wagonjwa."

Bwana Valence akafunika uso kwa viganja. Noela akaitazama ruta, akatazama foleni yake ilivyotulia, akakaa chini kusikiliza.